Mwaka Tuliofunga Chuo



Mwezi wa Shaabani uliopita, baada ya darsa ya Alkhamisi, kijana mmoja katika wanafunzi wetu wakubwa alibaki nyuma wenzake walipokwisha toka. Akakunja mikeka, akarudisha misahafu kabatini, kisha akatuuliza: "Maalim, yakija maradhi mengine kama yale ya korona, na Serikali ikasema fungeni, utafunga chuo tena?" Tulimjibu kwa haraka, kama wafanyavyo waalimu wasiopenda kuulizwa, ya kwamba jambo hilo lina hukumu yake katika sharia, na tutalisoma siku nyingine. Akasema, "Haya, maalim," akenda zake. Lakini swali lake halikwenda naye. Lilibaki nasi usiku ule na siku zilizofuata, mpaka tukaona hapana budi tuliandikie katika gazeti hili, kwani twajua si yeye peke yake mwenye swali hilo. Katika kila nyumba ya Kiislamu ya pwani hii yumo mtu anayesema ya kwamba mwaka ule tulionewa, na yumo mwingine anayesema ya kwamba mwaka ule tuliokolewa, na mara nyingine wote wawili wanakula sinia moja.

Sisi si tabibu, wala si mtu wa mahkama. Elimu yetu ni ya chuo na ya shule ya msingi. Twakaa katika Mji wa Kale, Mombasa, na twasomesha Kurani katika chumba cha chini cha nyumba ya wakfu yapata miaka thelathini sasa. Tutasema tuliyoyaona na tuliyoyafanya, na katika tuliyoyafanya limo moja ambalo tungependa lau tusingelisema.

Kwanza tukumbushane tarehe, kwani watu wameanza kuzisahau. Mgonjwa wa kwanza katika Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye shule zikaamriwa zifungwe, na vyuo vyetu vikafuata. Tarehe 22 mwezi ule ule mikusanyiko ya misikiti na makanisa ikasimamishwa. Tarehe 27 ikaanza amri ya kutotoka nje usiku, tangu saa moja ya jioni mpaka saa kumi na moja ya alfajiri. Tarehe 8 Aprili Mombasa, Kwale na Kilifi zikafungwa, mtu asiingie wala asitoke. Kisha tarehe 6 Mei, nasi tumo katika mwezi mtukufu wa Ramadhani, mtaa wetu wenyewe wa Mji wa Kale ukafungwa peke yake kwa siku 15, pamoja na Eastleigh ya Nairobi. Masoko na mikahawa iliyomo ndani ikafungwa. Siku 15 zilipokwisha zikaongezwa mpaka mwanzo wa Juni.

Aliyepata kuuona Mji wa Kale jioni ya Ramadhani atafahamu maana ya maneno haya. Wakati wa alasiri huwa hapapitiki. Mmoja anakaanga viazi karai, mwingine bajia, mwingine kaimati. Mkate wa sinia umefunikwa kitambaa. Watoto wanapeleka sahani za futari kwa majirani na kurudishiwa sahani zenye kitu kingine. Mwaka ule, alasiri, tulikaa dirishani tukasikia viatu vya askari tu. Adhana iliadhiniwa, na watu walisali majumbani. Mama yetu, ambaye ana umri wa miaka themanini na kitu, alisema ya kwamba aliwahi kusikia kwa wazee wake khabari za karantini za zamani, na mwenyewe ana kovu la chanjo ya ndui mkononi, lakini msikiti uliofungwa Ramadhani alikuwa hajapata kuuona.

Ama sisi hatukushangazwa na kufungwa kwenyewe. Jambo hili lina asili katika dini yetu, na ni vyema vijana walijue, kwani wako waliosema ya kwamba ni jambo la kigeni. Mtume wetu (s.a.w.) alitufundisha ya kwamba tauni ikisikiwa iko katika nchi tusiingie nchi hiyo, na ikizuka mahali tulipo tusitoke kwa kuikimbia. Na Ibn Abbas (r.a.), siku ya mvua na matope, alimwamuru muadhini asiwaite watu waje, bali awaambie wasali majumbani mwao, na watu walipoona ajabu, akawaambia ya kwamba aliye bora kuliko yeye alikwisha fanya hivyo. Ikiwa matope yanatosha kuwa udhuru, seuze maradhi yanayoua. Hata Maka mwaka ule waliokwenda Haji walikuwa yapata watu elfu moja tu, nao ni wale waliokuwa tayari ndani ya Saudi Arabia, hali mwaka uliotangulia walizidi milioni mbili.

Khabari ya Sayyidna Umar (r.a.) pia yajulikana, lakini twaona husimuliwa nusu. Alipokuwa njiani kwenda Sham, akafika mahali paitwapo Sargh, majemadari wake walimpokea na khabari ya tauni. Hakutoa amri papo hapo. Aliwaita Muhajirina akawashauri, wakakhitilafiana. Akawaita Ansari, nao wakakhitilafiana. Kisha akawaita wazee wa Kikureshi, hao wakamwambia kwa kauli moja arudi na watu. Alipoazimia kurudi, Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu ya kwamba anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwa kuielekea kadari ya Mwenyezi Mungu, akampigia mfano wa mchunga ngamia mwenye bonde lenye pande mbili, upande wa majani na upande mkavu. Ndipo akaja Abdurrahman bin Auf akaleta ile Hadithi, na Umar akamshukuru Mungu kwa kuwa rai yake imewafikiana nayo. Umar akarudi Madina. Abu Ubayda akabaki na jeshi lake, na katika tauni hiyo ya Amwas, mwaka wa 18 wa Hijra, akafa. Mmoja alirudi, mmoja alibaki, na hatumsikii mwanachuoni anayemlaumu yeyote kati yao.

Sasa tusimulie letu. Ilipopita wiki moja ya kufungwa mtaa wetu, walikuja majirani wane kwa mlango wa nyuma. Nyumba za kwetu, kama wengi mjuavyo, zimegusana. Mtu aweza kupita darini kutoka nyumba hata nyumba asikanyage njia. Wakasema: "Maalim, tarawehe ya mwaka huu itatupita hivi hivi? Dari ya fulani ni pana, upepo upo, askari hawaoni. Tusalishe." Tulijua hukumu. Tulikuwa tumeisomesha. Lakini nafsi zilikuwa zimechoka, na mioyo ilikuwa imeungua kwa jinsi tulivyofungiwa kwa tangazo la televisheni bila ya kuulizwa, wala hata kuambiwa kisawasawa muda gani. Tukajiambia ya kwamba Abu Ubayda naye alibaki. Tulisahau ya kuwa Abu Ubayda alibaki mahali pake kwa utiifu wa Hadithi, hakuwakusanya watu kinyume chake. Tukasalisha siku saba, watu kumi na sita, bega kwa bega, kwani dari haikuwa pana kama tulivyoambiwa.

Miongoni mwa hao kumi na sita alikuwamo mzee muadhini wa msikiti wetu. Alikuwa na miaka zaidi ya sabini na maradhi ya sukari. Alipandishwa ngazi kwa kushikwa mikono, na usiku wa kwanza alilia tangu takbira mpaka salamu kwa furaha ya kusimama tena katika safu. Usiku wa nane tukaacha, kwa kuwa mtoto wa mwenye nyumba alikuwa na homa. Siku kumi baadaye mzee akashikwa na kifua. Walimkataza asiende hospitali kwa khofu ya karantini; alipokwenda alikuwa hawezi kusema. Akafariki. Waliomzika hawakuzidi kumi na watano, kwa hesabu iliyoamriwa, na sisi, tuliyekuwa tukisimama nyuma ya sauti yake kwa miaka ishirini, hatukuwa katika hao. Tulisali salatul-ghaibu chumbani, na mikeka ya chuo imekunjwa pembeni.

Je, ni ile dari? Hatujui wala hatutajua. Huenda aliyapata kwa mjukuu wake aliyekuwa akileta maziwa, huenda kwa mwingine. Baada ya miezi tulikwenda kwa binti yake kutaka radhi. Ni mwanamke mtu mzima, mwenye wajukuu. Akatukaribisha kahawa, akatusikiliza, akasema: "Maalim, lau ungelimkataza kuja, asingelikusamehe mpaka kufa kwake." Tukadhani ametufariji. Akanyamaza kidogo, akasema: "Lakini angelikuwa hai, maalim, hata kama hasemi nawe."

Maneno hayo twaenda nayo.

Mtu atasema: basi jambo limekwisha, kufunga kulikuwa haki, na aliyevunja alikosa. Nasi twakubali ya kwamba tulikosa. Lakini jambo halijakwisha, kwani liko na upande wa pili, na aliyeubeba upande huo hakuwa sisi.

Katika chuo chetu alikuwamo mwanafunzi wa miaka kumi na mitatu, yatima, aliyekuwa amehifadhi juzuu ishirini. Mama yake alikuwa akiamka saa tisa ya usiku kukaanga mahamri na kupika mbaazi, na kabla ya jua kuchomoza ndoo imekwisha. Wateja wake ni wachukuzi, mabaharia na watu watokao sala ya alfajiri. Amri ya usiku ilimwondolea wachukuzi. Kufungwa kwa misikiti kulimwondolea wenye kusali. Kufungwa kwa mtaa kulimwondolea waliobaki. Akauza cherehani yake. Kisha akaanza kukaanga kidogo kidogo na kumtuma mwanawe kwa vichochoro, nyumba kwa nyumba, kabla ya kupambazuka. Asubuhi moja askari wawili wakamkamata. Hawakumpeleka popote. Walimpiga kwa fimbo mkononi na mgongoni, wakamwaga mahamri chini, wakamwambia aende kwao. Mama yake alikuja kwetu na yule mtoto, mkono umevimba, akasema: "Maalim, mimi nimesikia Hadithi ya tauni kwako wewe. Iko wapi Hadithi ya mimi nitakula nini?"

Hatukuwa na jibu siku ile. Sisi wenyewe tulikuwa na dhiki; ada ya chuo kwetu ni ya Alkhamisi kwa Alkhamisi, na Alkhamisi za mwaka ule zilikuja mikono mitupu. Lakini sisi tulikuwa na ndugu Maskati aliyetuletea kidogo, na tulikuwa na mchele. Yeye hakuwa na lolote.

Baadaye tukaikumbuka ile Hadithi mashuhuri ya watu wa jahazi. Mtume (s.a.w.) alipiga mfano wa watu waliopiga kura katika chombo, wengine wakapata juu, wengine chini. Wa chini, kila walipotaka maji, walilazimika kupanda na kuwaudhi wa juu. Wakasema afadhali watoboe tundu upande wao wapate maji bila ya kumwudhi mtu. Wa juu wakiwaacha, wataangamia wote. Wakiwashika mikono, wataokoka wote. Hadithi hii tumeisomesha zaidi ya mara mia. Kila mara tumeisomesha kwa kuwalaumu wa chini: tazameni watu hawa wajinga, watoboa chombo kwa hoja ya kuwa upande huu ni wao. Na hoja hiyo ni kweli. Uhuru wa mtu katika sehemu yake hauwi uhuru wa kuzamisha wenzake, na tarawehe yetu ya darini ilikuwa tundu la namna hiyo hiyo.

Lakini mwaka ule ndipo tulipoona neno tulilokuwa tukilipita mbio: wale wa chini walikuwa na kiu. Hawakutaka kutoboa kwa uchokozi. Maji yalikuwa juu, na njia ya maji ilikuwa imekuwa adha. Mwenye kuwashika mikono amefanya wajibu, lakini akiwashika mikono na asiwateremshie maji, amewaokoa na gharika awaue kwa kiu. Basi anayesema "fungeni" imempasa aseme na "chukueni".

Na tazameni Sayyidna Umar alifanya nini. Watu hukumbuka Sargh, wakasahau ya kuwa siku hizo hizo Hijazi ilipatwa na njaa kubwa iitwayo mwaka wa Ramada. Imepokewa ya kwamba Umar alijinyima samli na nyama mpaka watu wapate, akawa anakula mkate kwa mafuta hata rangi yake ikageuka, na akawaandikia maliwali wake wa miji mingine walete chakula. Na yasemekana mwaka ule alisimamisha kukatwa mkono kwa wizi, kwa ajili ya njaa. Mtu aliyerudisha watu kutoka Sham kwa khofu ya maradhi ndiye huyo huyo aliyepunguza adhabu kwa khofu ya njaa. Ilikuwa mizani moja mkononi mwa mtu mmoja, naye alikuwa na njaa kama wao.

Kwetu wa juu waliteremshiwa maji kwanza. Serikali iliwaondolea kodi ya mshahara wote wenye kupata shilingi 24,000 kwa mwezi au chini yake, na kodi ya bidhaa ikashushwa kutoka asilimia 16 hata 14. Ni mema, na tusiyakanushe. Lakini kodi ya mshahara humfaa mwenye mshahara. Mwuza mahamri hana hati ya mshahara, wala mchukuzi, wala mwenye tuktuk, wala mwalimu wa chuo. Matatu ziliamriwa zipunguze abiria, na waliobaki wakalipa nauli ya wote. Chakula kiligawanywa pia, na wengi walipata; lakini kugawa kwa orodha katika mtaa ambao watu huona haya kujiandikisha kuwa maskini ni kazi yataka mtu wa mtaa huo, si mgeni mwenye karatasi.

Kisha kuna jambo la karantini, na hapa twaona lilifanyika kosa lililowadhuru hata wale waliotaka kufuata amri. Hapo mwanzo aliyewekwa karantini alitakiwa ajilipie mwenyewe siku zake. Tena waliokamatwa usiku kwa kuvunja amri, baadhi yao walipelekwa huko huko karantini, kama vile ni jela. Sasa fikirini. Mgonjwa anaogopa kupimwa kwa kuwa akipatikana atalipishwa, na akikaa pale atakaa na aliyeletwa kwa adhabu. Katika Mei Serikali ikatangaza itabeba gharama za waliomo katika mahali pake yenyewe, na ni vyema ilifanya hivyo. Lakini khofu ilikuwa imekwisha ingia. Wapimaji walipokuja Mji wa Kale walikuta milango imefungwa. Watu walilaumiwa kwa ujinga. Sisi twasema haukuwa ujinga wote. Muadhini wetu hakukatazwa kwenda hospitali na watu wajinga. Alikatazwa na watoto wake wanaompenda, ambao walikuwa wamefanya hesabu.

Vilevile fimbo. Tarehe 16 Aprili 2020, Mahkama Kuu ya Nairobi ilihukumu katika kesi iliyoletwa na Chama cha Mawakili ya kwamba amri ya kutotoka nje usiku ni halali, lakini nguvu zilizotumiwa na polisi kuwapiga watu ni kinyume cha Katiba. Twaipenda hukumu hii kwa kuwa imefanya ambalo watu wengi hawakuweza kulifanya: imekubali amri, ikakataa dhulma iliyopanda juu ya mgongo wa amri. Katika mabaraza yetu ilikuwa ama mtu yu pamoja na Serikali kwa kila kitu, ama ni mpinzani kwa kila kitu. Akisema askari wamekosa, aambiwa anataka watu wafe. Akisema maradhi ni ya kweli, aambiwa amenunuliwa. Twajua, kwani tuliambiwa yote mawili, na mara moja katika jioni moja.

Na vijana wetu wengi walitazama upande wa pili wa mpaka. Jamaa zetu wa Tanga na Unguja walikuwa wakitupigia simu: "Nyinyi Mombasa mnasali chumbani? Sisi misikiti iko wazi." Haikosi tuliwaonea wivu. Tanzania ilifunga shule kwa muda, lakini nyumba za ibada haikuzifunga, na biashara iliendelea. Yule mama wa mahamri, lau angekuwa Tanga, asingeliuza cherehani yake. Hilo ni kweli na lazima liwekwe katika kitanga cha mizani. Lakini baada ya mwanzo wa Mei 2020, hesabu ilipokuwa wagonjwa 509 na waliokufa 21, kutangazwa kwa hesabu kulisimama kwa zaidi ya mwaka. Mwezi wa Februari 2021 akafariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamo wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye alikuwa amekiri hadharani ya kwamba ameambukizwa. Twamwombea rehema, na twauhesabu ule ukweli wake katika mema yake. Mtu aliyeachiwa uhuru wake wote lakini hakuambiwa hesabu, hana la kupima nalo. Sisi tulipewa hesabu kila jioni tukanyimwa mlango. Katika Kenya hesabu hiyo ilifika zaidi ya watu 5,600 waliokufa. Mmoja wao twamjua.

Tarehe 6 Julai 2020 ikatangazwa misikiti ifunguliwe kwa masharti: watu wasizidi mia, muda wa saa moja, wasiingie wenye umri chini ya miaka 13 wala waliozidi 58. Vyuo vikaachwa vimefungwa. Shule zote zilifunguliwa tarehe 4 Januari 2021, nasi tukafungua wakati ule ule. Tulikuwa na wanafunzi sitini na wawili. Walirudi arubaini na mmoja. Wengine walihama na wazee wao kwenda bara, wengine walikuwa wameingia kazini. Khasara hii haikuandikwa mahali popote. Mgonjwa huhesabiwa, na maiti huhesabiwa, na hoteli iliyofungwa huhesabiwa. Lakini mtoto aliyekuwa Suratun-Naml akakomea hapo, nani anayemhesabu?

Baadaye zikaja chanjo, na makelele yake. Sisi tulichanjwa mapema tulipopata, na tukawaambia watu msikitini ya kwamba ndui ilikomeshwa kwa chanjo, na mtu wa mwisho kushikwa nayo kwa njia ya kuambukizwa ulimwenguni alikuwa mtu wa Marka, Somalia, mwaka wa 1977, pwani hii hii yetu. Lakini Serikali ilipotaka, mwisho wa 2021, asiyechanjwa asihudumiwe katika ofisi zake, tulikuwa pamoja na wale walioshukuru Mahkama Kuu ilipoisimamisha amri hiyo. Kumshauri mtu ni kitu kimoja. Kumnyima hati ya kuzaliwa ya mwanawe ni kingine. Amri ya usiku nayo ikaondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, na tukasali isha msikitini bila ya kutazama saa.

Sasa tumrudie kijana wetu aliyekunja mikeka. Tulimwita wiki iliyopita tukamwambia hivi: "Ndiyo, tutafunga. Ikithibiti kwa matabibu waaminifu ya kwamba maradhi yanaua na yanaambukiza watu wakiketi pamoja, tutafunga siku ile ile, wala hatutapanda dari ya mtu. Lakini kabla ya kufunga tutaandika majina ya kila mwanafunzi na mama yake anauza nini."

Akasema: "Na ukishaandika, maalim?"

Tukamwonyesha kibweta cha mbao kilicho nyuma ya kabati. Tangu 2021 kila Alkhamisi twatia humo sehemu ya kumi ya ada, na wazazi wenye uwezo hutia chao. Si fedha nyingi. Tulizihesabu mbele yake: zatosha unga, sukari na mafuta kwa nyumba tisa kwa mwezi mmoja. Nyumba zenye haja, kwa orodha tuliyonayo, ni kumi na saba. Akatuuliza zile nane zilizobaki tutazifanyaje, tukamwambia hatujui bado.

Na yule wa juzuu ishirini sasa ni mwanamume mwenye ndevu, asukuma mkokoteni Marikiti. Mama yake amerudi kukaanga. Mwaka jana alisimama mlangoni petu baada ya magharibi, hakuingia, akasema anapita tu. Tukamwambia asome alipokomea. Akaanza Suratun-Naml kwa sauti ya chini, akafika aya ya tano akakwama, akacheka kwa haya. Sasa huja Jumatatu na Alkhamisi, na mkokoteni wake anaufunga kwa mnyororo katika nguzo ya msikiti, mahali alipokuwa akikaa muadhini. Wiki hii yuko robo ya pili.